Hifadhi ya Ikondo

Kamunyonge, Musoma
11 Februari 2024

Kaka Stanslaus,

Shikamoo. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Mara haipatikani, mara inaita inakatwa, na mtu anayekata simu ya mdogo wake wa tumbo moja anajua anachofanya. Haya, nimeshika kalamu. Barua hii nampa kondakta wa basi la Bunda, ataiacha dukani kwa Mwandu, uichukue ukija kununua chumvi.

Ule mradi niliokueleza Krismasi umekubaliwa kuanza kupimwa. Tangazo limeshabandikwa ofisi ya mtendaji na aliyeliandika ni mimi. Mkubwa wangu alileta karatasi ya Kiingereza akasema, "Nyangi, wewe ndiye mtu wa kule, weka kwa Kiswahili kizuri." Nilikaa nalo siku nzima. Alipolisoma alisema maneno yamesimama, na mimi, kusema kweli, nilijisikia mtu.

Wapima wataanza na Ikondo, kisha watakwenda kwenye mlima mwingine, maana tunalinganisha miwili. Wapokeeni vizuri. Wakiomba maji ya kunywa wapeni, na vigingi watakavyoweka msiving'oe, ni vya kupimia tu.

Mama asihangaike. Najua wewe uko bondeni Guta na yeye yuko peke yake kule juu ya Ikondo, lakini mwambie aendelee na maisha yake, asiguse kitu, asihamishe hata kuku. Kuna mambo ya ofisi siruhusiwi kuyasema, tena hata kuyaandika. Wewe niamini tu. Masikio yake yanaendeleaje? Ile dawa ya matone niliyomtumia anaitumia, au ameiweka juu ya kabati kama ya mwaka jana?

Msalimie wifi Jenoveva na watoto.

Mdogo wako,
Nyangi


Guta, Bunda
3 Machi 2024

Kwa Bibi Hifadhi,

Marahaba. Jina hilo sikukupa mimi. Ndivyo wanavyokuita hapa kijijini tangu katekista Alfonsi aliposoma tangazo lako kanisani baada ya ibada. Alilisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza watu walidhani amekosea. "Mradi wa Hifadhi ya Nishati, Mlima Ikondo. Wananchi mnaarifiwa kwamba eneo lote la mlima litapimwa na kuwekewa vigingi kwa ajili ya hifadhi." Mzee mmoja akauliza, "Na huku tena?" Mimi niliinamisha kichwa, maana chini ya tangazo lilikuwa limeandikwa jina lako na la baba yetu, kwa herufi kubwa.

Nyangi, wewe umezaliwa hapa. Neno hilo kwetu si neno la kitabuni. Hifadhi ni mawe yaliyopakwa chokaa. Hifadhi ni ng'ombe wako kukamatwa akinywa maji mahali aliponywa mama yake. Hifadhi ni tembo kumaliza shamba la pamba, na wewe kuambiwa ukae usiku kucha ukipiga debe na usimrushie hata jiwe. Upande wa mashariki tumeshabanwa tangu zamani. Mgongo wetu tuliuegemeza ziwani, tukasema huku angalau ni kwetu. Sasa mtoto wa Rafaeli ndiye anatuletea hifadhi kwa mlango wa nyuma, tena kwa Kiswahili kizuri.

Eti nikuamini, kuna mambo ya ofisi. Ofisi gani hiyo inayomziba mtu mdomo asiseme na ndugu zake?

Wapima wako wamefika. Maji tumewapa, sisi si washenzi. Vigingi hatujaving'oa.

Mama hajambo. Anakula. Masikio ni yale yale. Usiniulize zaidi ya hapo. Ukitaka habari zake panda mlima uzichukue mwenyewe. Kutoka Musoma mpaka hapa si safari ya kuagwa na ukoo.

Stanslaus


Kamunyonge, Musoma
10 Machi 2024

Kaka,

Nilicheka mpaka wenzangu wakaja mezani kuniuliza kuna nini. Halafu nikaudhika. Wanyama? Nani amekwambia habari ya wanyama? Tangazo linasema hifadhi ya nishati! Nishati ni umeme, kaka. Tunahifadhi umeme, hatuhifadhi nyumbu. Kijiji kizima, na katekista wenu juu, hamkuona neno lililofuata?

Sasa nikueleze, na uwaeleze wengine.

Umeme haukai. Ukishafuliwa unatakiwa utumike saa ile ile, huwezi kuufunga kwenye gunia ukausubiri. Usiku wa manane watu wamelala, viwanda vingi vimezimwa, lakini mitambo ya nchi inaendelea kuzunguka na umeme wake unakosa kazi. Ikifika jioni kila mtu anawasha taa, anawasha televisheni, anapiga pasi, basi umeme hautoshi na nyie wa Guta mnakaa gizani mkituapiza.

Tunachofanya ni hiki. Ule umeme wa usiku usio na kazi tunaupa kazi ya kupandisha maji. Tunachimba njia ndani ya mwamba, tunaweka bomba kubwa ambalo gari linaweza kupita ndani yake, na pampu zinasukuma maji ya ziwa mpaka juu ya mlima, yanakaa kwenye bwawa. Yanakaa hapo mchana. Jioni tunafungua. Maji yanashuka kwa bomba lile lile, na kwa kuwa mteremko ni mkali yanakuja na nguvu ya kutisha, yanakuta chini mtambo ule ule uliokuwa pampu, yanauzungusha kinyume, na sasa badala ya kula umeme unatoa umeme. Maji yanarudi ziwani. Usiku yanapandishwa tena. Hakuna moshi, hakuna mafuta, na maji ni yale yale. Nchi zenye milima zinafanya hivi tangu babu zetu wakiwa vijana.

Ni ghala, kaka. Unaweka wakati wa mavuno, unatoa wakati wa njaa. Kweli kinapotea kidogo njiani: umeme wa debe nne unaotumia kupandisha, jioni unarudi kama debe tatu. Lakini hizo tatu zinakuja saa ambayo watu wanazihitaji, na zile nne zingemwagika bure.

Vinavyotakiwa ni viwili tu, maji mengi chini na mlima mrefu ulio karibu nayo, wenye bonde kama bakuli juu yake. Ndiyo maana tumekuja kwetu.

Mweleze mama hivyo hivyo, polepole, kwenye sikio la kulia. Mwambie hakuna hata swala mmoja atakayekuja.

Nyangi


Guta, Bunda
24 Machi 2024

Nyangi,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na Jenoveva ameisoma. Tumeelewa. Shule tulienda sote, wewe uliendelea tu.

La kwanza. Mkulima anayepanda debe nne avune tatu, kwetu tungemwitia kikao cha ukoo. Lakini hayo ni yenu.

La pili. Umeandika "ni ghala". Kumbe neno ulikuwa nalo! Ghala kila mtu analijua, mpaka mtoto anayeota meno. Akiba nalo lipo. Ungeandika "Ghala la Umeme, Mlima Ikondo", Alfonsi angesoma, watu wangeuliza litajengwa lini na kama kuna vibarua, wangekwenda nyumbani kula. Kwa nini hukuandika? Nitakwambia kwa nini. Ghala linanuka mtama. Hifadhi inanukia ofisi. Ulimwandikia mkubwa wako, hukutuandikia sisi.

La tatu ndilo linaloniwasha. Unasema mnataka mlima wenye bakuli juu yake. Ikondo nimechunga tangu sijaanza kuvaa suruali, hakuna jiwe la kule ambalo sijalikalia. Bakuli liko moja. Ndani ya hilo bakuli ndimo kwa mama. Ndimo lilimo boma la baba, na ndimo baba mwenyewe alimolala, chini ya yale mawe tuliyobeba mimi na wewe. Sasa niambie, maji ya bwawa lako yatakaa wapi?

Usinijibu kwa maneno ya ofisi.

Mama nimemweleza kama ulivyotaka. Amesikia.

Stanslaus


Kamunyonge, Musoma
16 Juni 2024

Kaka Stanslaus,

Nimekaa kimya miezi yote hii kwa sababu swali lako la tatu lilikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo nililokatazwa kulisema. Leo nalisema, kwa kuwa halina tena faida kwa mtu yeyote.

Milima ilikuwa miwili. Yote ina bakuli, yote iko karibu na ziwa, gharama zinakaribiana. Masharti ya wenye mradi yalikuwa kwamba uchukuliwe ule ambao juu yake haishi mtu, ili kusiwe na wa kuhamishwa. Niliyajua hayo kabla sijaandika lile tangazo. Kwenye mlima wa pili kuna familia moja na vibanda vyao. Ikondo kuna mama. Nilijua hivyo, nikasema moyoni basi, tutakuwa sawa kwa sawa, wataangalia mwamba, na mwamba wa Ikondo una nyufa. Mama akikaa tu alipo, Ikondo inaachwa. Ndiyo maana nilikuandikia asihamishe hata kuku. Sikuweza kusema zaidi. Ungemwambia Jenoveva, Jenoveva angesema kisimani, na kesho yake milima yote miwili ingejaa vibanda.

Juzi kilikuwa kikao. Nikaletewa taarifa ya wapima kama walivyoletewa wote. Nanukuu: "Mlima Ikondo: juu hakuna makazi. Yapo mabaki ya boma la zamani." Nikasimama. Nikasema, kuna kosa, pale anaishi mama yangu. Mkubwa hakukasirika. Alisema tu waweke picha ukutani. Nikaona mchongoma wetu. Nikaona jiwe la kuanikia mtama. Nikaona mahali nyumba ilipokuwa, udongo mtupu ulioanza kuota majani ya masika. Hakuna hata kipande cha bati.

Akaniuliza mbele ya watu, kwa upole, "Sasa Nyangi, mama yako anaishi wapi?"

Wakaichagua Ikondo. Mlima wa pili umeachwa na ile familia yake.

Uliniandikia kwamba hajambo, anakula. Anakula wapi, kaka? Mama yuko wapi?

Nyangi


Guta, Bunda
30 Juni 2024

Nyangi,

Mama yuko Butiama kwa mjomba Samwel. Yuko huko tangu mwezi wa pili.

Nitakueleza ilivyokuwa, na usinikatize.

Jumapili ile ya tangazo sikusubiri hata chakula. Nilipanda kumwambia, nikijua atalisikia kwa watu wakipeleka mbuzi. Nililisema kwa sauti, maana unajua masikio yake. Neno moja tu alilishika. Aliniuliza, "Vigingi vyeupe?" Nikasema ndiyo. Akaanza kunihadithia habari ambayo sisi hatujawahi kuisikia vizuri, ya walivyohamishwa kwao akiwa binti. Baba yake aliambiwa na majirani ahame mapema, yeye akasema atasubiri mwenye karatasi aje na karatasi yake. Wakasubiri. Walipokuja kuondolewa mtama ulikuwa umesimama shambani na masuke yake, na yeye mama alibeba kuku mmoja tu kwapani, akafa njiani kwa kubanwa. Alisema, "Safari hii hawanitoi. Natoka mwenyewe."

Nilipaswa kubishana naye. Sikubishana. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko nilivyokuwa na akili. Nilipanda na tela la ng'ombe, nikang'oa bati moja moja, nguzo, mlango, kila kitu. Mihogo tukaing'oa hata iliyokuwa michanga. Mwisho aliinama mwenyewe akang'oa mafiga yake matatu, akayafunga kwenye kanga. Unajua kwetu mwanamke aking'oa mafiga maana yake nyumba hiyo haipo tena. Alimwaga maji mahali moto ulipokuwa na hakugeuka nyuma.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nilikuwa nakukomoa. Nilitaka siku moja ukumbuke kwamba una mama, ushuke kwenye basi, upande Ikondo na viatu vyako vya ofisini, ukute hakuna mtu. Nilitaka uite "Hodi" pale penye udongo mtupu. Niliifurahia hiyo picha kila nilipokwenda kulala. Wapima wako wakapanda kabla yako.

Ulipoandika habari ya maji na mabomba nilielewa kwamba hakuna wanyama, nikaenda Butiama kumweleza. Alitaka kurudi. Ni mimi niliyesema tumalize kuchuma pamba kwanza. Tulipomaliza, barua yako ya Juni ilikuwa imefika. Nikapakia bati zile zile kwenye tela lile lile, nikapanda, nikasimamisha nguzo mbili. Wakaja vijana wawili na pikipiki, wakanipiga picha. Wakaniambia siku ya mwisho ya kuhesabu imepita, na kwamba ninategesha. Ndiyo neno walilotumia. Mimi na mama yangu ni watu wa kutegesha, tunajenga kibanda cha mtego ili tulipwe! Kwenye kiwanja ambacho kitovu changu kimezikwa!

Niliwauliza maswali. Patakuwa na uzio? Wakasema ndiyo. Askari? Ndiyo. Kuchunga je? Marufuku. Mtu akitaka kupita? Kwa kibali. Basi Nyangi, nakuomba radhi, tangazo lako lilikuwa sahihi kabisa. Ni hifadhi. Kilichokosekana ni tembo.

Ungesema neno moja kwenye barua ya kwanza. Mimi ningesema moja kwenye ya pili. Sasa tunaandikiana kurasa.

Limebaki la baba. Vijana wale hawakuliona kaburi, halina saruji wala msalaba, wamedhani ni mawe ya boma. Mama amesema asiguswe.

Stanslaus


Kamunyonge, Musoma
18 Agosti 2024

Kaka,

Nimeomba, nimelia, nimeandika kwa wakubwa wa mkubwa wangu. Wananionea huruma na wananiambia tarehe imepita. Mkubwa alisema jambo ambalo sitalisahau: kwamba taarifa haikusema uongo, siku wapima walipopanda, juu hapakuwa na mtu. Ni kweli. Mimi na wewe tuliifanya iwe kweli.

Kazi sijaiacha. Nilifikiri kuiacha, nikaona nikiondoka atakuja mwingine ambaye hajui hata kwamba pale palikuwa na mchongoma. Huenda hiyo ni sababu ya kujipa. Unichukulie unavyotaka.

Butiama sijakwenda. Nilifika stendi ya Musoma mara moja, gari la Butiama likajaa nikiwa nalitazama. Nitakwenda nimwambie nini, kwenye sikio lile, kwa sauti ya kusikika na nyumba ya jirani?

Limebaki la baba, kama ulivyosema, na hapa bado kuna kinachowezekana. Mkubwa aliniuliza kama kuna makaburi nikasema nitaulizia. Ukoo ukikubali, linahamishwa kwa heshima, kwa taratibu zetu, mnachagua wenyewe mahali. Lakini lazima mama akubali, tena kabla ya Desemba, maana Januari mitambo ya kuchimba inapanda. Nenda Butiama umsomee haya. Msomee yote.

Mama, shikamoo. Nataka uelewe yale maji, usiyaogope. Hayatakuwa ziwa la kusimama. Usiku, watu wakiwa wamelala, yanapanda mlima. Mchana yanakaa. Jioni, watu wa mjini na vijijini wakiwasha taa zao, yanashuka yote kwa kishindo, na kila taa utakayoiona ikiwaka Butiama, ujue ni maji ya Ikondo yanateremka.

Lakini usije ukadhani bwawa litakauka, mama. Chini kabisa hubaki maji ambayo hayashushwi hata siku moja, kwa kuwa mtambo ukinyonya hewa unavunjika. Kina chake kinazidi urefu wa nyumba. Na kabla maji hayajaingia, bakuli lote linachongwa likawa laini, halafu linatandikwa lami kutoka ukingo hadi ukingo, kama barabara ya Sirari, ili maji yasinyonywe na ardhi. Baba akibaki pale hatakuwa chini ya maji tu. Atakuwa chini ya lami, na juu ya hiyo lami hatapita mtu tena mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo nakuomba, mama, niruhusu wamtoe. Nakuomba.

Kaka, akikataa, nieleze alivyosema, neno kwa neno.

Nyangi


Butiama
8 Septemba 2024

Nyangi mwanangu,

Anayeandika ni Consolata, mkwe wa mjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu, aandike kama yanavyotoka, wewe utanijua.

Hujambo? Mimi niko. Ile matone ya masikio nilikuwaga siitumii, sasa Consolata ananitilia kila asubuhi, nasikia jogoo. Mjomba wako ananitunza. Mafiga yangu bado iko kwenye kanga, hapa wanapikia jiko la mkaa.

Stansi alikuja. Amekonda, mwambie ale. Alinisomea barua yako, akasoma vizuri mpaka pale pa taa ya jioni, akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasema imeishia hapo. Mimi niliona kama karatasi bado ina maandishi chini, lakini haya macho yangu yanaonaga vitu mahali havipo, nikaacha. Akatoka nje akakaa sana huko kwa ng'ombe wa mjomba.

Msigombane. Nimesikia mnagombana kwa ajili ya nyumba. Ile nyumba niliitoa mwenyewe, hakuna mtu alinisukuma. Niliogopa wanyama, kumbe ni maji. Maji mimi sina ugomvi nayo.

Sasa Stansi ananiuliza habari ya kumfukua baba yenu, ananiuliza huku anaangalia chini. Nimesema hapana na wewe nakwambia hapana. Mimi nilihamishwa nikiwa msichana, na uzee huu nimehama tena. Wewe uko Musoma, Stansi yuko bondeni. Katika nyumba ile mtu mmoja abaki. Abaki yeye. Alikuwaga haogi ziwani mbali, alikuwa anaoga pale ukingoni tu anashika majani, lakini atazoea.

Nimeifikiria ile maji yako kila siku nikiwa nimekaa hapa nje, na nimeielewa. Umeeleza vizuri, kweli ulisoma. Inapanda usiku. Inakaa. Jioni wakiwasha taa inashuka yote. Basi mwanangu, ikishuka yote, na ile ya usiku haijapandishwa, kuna saa pale hapana maji. Hiyo saa ndiyo naitaka.

Ulizia wakubwa zako ni saa ngapi. Kama wanataka kibali uniombee wewe, wewe ni mtu wa ofisi. Nitakuja na Consolata anishike mkono, tutapita kandokando, hatutagusa bomba la mtu. Nitamng'olea majani, nitakaa naye kidogo, mkitaka kupandisha tena mtaniambia nami nitaondoka. Hata kama ni usiku sana usiogope kunitajia, mimi siku hizi silalagi.

Usiniandikie maneno mengi, Stansi anachoka kusoma. Niandikie saa tu.

Mimi mama yako,
Dorotea